Kijiji chenye wiki ya siku nane: siku zangu tano Battir

Siku ya kwanza. Jumatatu, 28 Oktoba 2019

Wenzangu wa hija wamepanda ndege usiku wa kuamkia leo, mabegi yamejaa chupa za mafuta ya zeituni na misalaba ya mbao. Mimi nimebaki. Mchungaji aliniuliza mara mbili kama niko sawasawa: tumeshafika Nazareti, tumeshafika Kapernaumu, tumelala Bethlehemu, sasa unabaki kutafuta nini? Nikamwambia kuna kijiji nimesikia kina ndiva. Yeye ni mtu wa Dodoma, akacheka tu.

Kwa wasiotoka kwetu: ndiva ni bwawa dogo la Upare. Linakinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Nimekua nikitumwa ndivani. Kwa hiyo niliposikia kwamba kilomita chache kusini-magharibi mwa Yerusalemu kuna kijiji cha Kipalestina kinachogawana maji kwa mtindo huo, tena toka enzi za Warumi, nikaona nikirudi Same bila kukiona sitajisamehe.

Safari yenyewe haina mengi. Basi namba 231 kutoka karibu na Lango la Dameski hadi Bab al-Zqaq, kati ya Beit Jala na Bethlehemu, kisha teksi ya kuchangia. Wenyewe wanaiita sarvisi, na inaondoka ikijaa, kama Hiace ya kwetu, ila hapa hakuna anayekalishwa kwenye mapaja. Barabara inazungukazunguka vilimani. Ghafla bonde linafunguka, na kuanzia juu hadi chini ni ngazi: ngazi za mashamba, kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe. Huko juu mizeituni na mizabibu, chini karibu na kijiji bustani za mboga za kijani kibichi, wakati nchi nzima kipindi hiki ni ya rangi ya vumbi.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, Kiingereza chake ni cha darasani, kimenyooka. Vijana wote wanamwita ammi. Nikamwambia kwetu pia tunasema ami. Alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi, na toka hapo mimi ni ibni, mwanangu, ingawa nina mvi kuliko mwanawe wa kwanza.

Siku ya pili. Jumanne, 29 Oktoba

Ami aligonga mlango saa kumi na mbili kasoro robo. Tulishuka kwenye vichochoro vya mawe, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na baridi yangu.

Battir ina chemchemi kadhaa. Hii ya katikati inaitwa Ain al-Balad, yaani chemchemi ya kijiji. Maji yanatoka ndani ya mwamba, yanapita kwenye mfereji wa mawe na kuingia kwenye bwawa lililojengwa, wanaloliita birka. Biblia yetu inasema birika: birika la Siloamu, birika la Bethzatha. Miaka yote nimesoma neno hilo nikiwazia birika la chai. Kumbe ni hili hapa, kuta zimeota ukungu wa kijani na maji yametulia tuli.

Maji yalikuwa yamejaa usiku. Wanaume watatu wa ukoo wenye zamu walikuwa wamefika, mmoja ana chepe, mmoja anavuta sigara, wa tatu ameshika ufito wenye alama. Akauteremsha wima hadi ukagonga jiwe chini, akautoa, akatazama mahali ulipolowa. Wakasogeleana, wakahesabu kwa sauti ya chini, na maji ya siku nzima yakawa yamegawanywa: wewe alama kadhaa, yeye kadhaa, mjane wa marehemu fulani kadhaa. Hakuna karatasi. Hakuna mita. Mwenye sigara alinung'unika kidogo, ami akanikonyeza: huyo hunung'unika kila zamu.

Koo kubwa za Battir ni nane, na kila ukoo una siku yake. Zikiisha nane mzunguko unaanza upya, ndiyo maana wenyeji husema wiki ya Battir ina siku nane. Nilidhani ni utani, hadi ami aliponipangia kokoto juu ya ukuta. Aliyemwagilia leo Jumanne, zamu yake ijayo ni Jumatano ya wiki ijayo, halafu Alhamisi ya wiki ya pili yake, halafu Ijumaa. Hakuna ukoo unaoganda na Ijumaa, wala unaoikwepa. Baada ya siku 56 mtu anarudi kwenye Jumanne yake. Aliyebuni mpango huu aliwajua binadamu. Kwetu ugomvi wa maji huanzishwa na yule ambaye zamu yake imeangukia siku ya gulio.

"Na kwenu, ibni," ami akauliza, "ukoo wako una siku gani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na tisa. Anayelima ni kaka yangu. Nikasema, "Nadhani Alhamisi." Akanitazama. Mtu wa Battir hawezi kusema nadhani kuhusu jambo hilo.

Kisha nikaharibu zaidi. Tulifuata maji bustanini, yanakimbia kwenye kijifereji chembamba ukingoni mwa ukuta. Kwenye njia panda kulikuwa na tambara lililoviringishwa na jiwe juu yake, na maji kidogo yanavuja pembeni. Mimi, mtoto wa ndivani, nikaona nisaidie: nikalitoa lile tambara nilikaze vizuri. Maji yakageuka yote, yakaingia kwenye bustani ya jirani. Kijana mmoja akapiga kelele toka ngazi ya juu, akaruka kuta mbili na kulirudisha kwa mguu. Dakika moja, pengine mbili. Hakunitukana, lakini alimweleza ami jambo refu kwa Kiarabu, na ami akatafsiri kwa maneno machache: "Anasema hayo yalikuwa maji ya shangazi." Kwa wazee wa kwetu ningelipa faini. Hapa nilitozwa kula: shangazi mwenyewe alinijazia sahani mchana.

Alipika mabilinganya. Bilinganya la Battir ni jembamba, refu, tamu, na linasifika Palestina nzima hata kufanyiwa tamasha lake. Msimu unaishia lakini bado yapo. Shangazi anakata kichwa, anaingiza kijiko kirefu chembamba chenye makali, anakizungusha mara mbili tatu, na nyama yote ya ndani inatoka bila ganda kutoboka. Anajaza mchele na nyama ya kusaga, anayapanga kwenye sufuria kama samaki, anamimina rojo la nyanya. Nilijaribu kukwangua moja. Nikalitoboa. Akalitupa kwenye bakuli la kuku bila neno.

Jioni ami alinipandisha kwenye magofu juu ya kijiji. Wenyeji wanayaita Khirbet al-Yahud, magofu ya Wayahudi, na hawaoni haja ya kubadili jina. Hapa ndipo inapotajwa ngome ya Betar, alipouawa Simon bar Kokhba, kiongozi wa waasi wa Kiyahudi, mwaka 135, mwisho wa uasi wa miaka mitatu dhidi ya Kaisari Hadrian. Jina la kijiji limetoka huko huko, Betar ikawa Battir. Warumi walioizingira nao waliacha mkono wao: karibu na chemchemi kulikuwa na maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye mwamba, yanataja vikosi viwili, Legio V Macedonica na Legio XI Claudia. Askari waliokuja kuua kwa kiu walikunywa maji haya haya.

Mji wa walowezi wa Kiisraeli ulioanzishwa miaka ya 1980 upande wa pili wa kilima umeitwa Betar Illit. Unauona vizuri ukiwa magofuni, maghorofa meupe yamebanana. Ami aliuonyesha kwa fimbo, akasema, "Jina wamechukua. Mboga hawana."

Siku ya tatu. Jumatano, 30 Oktoba

Leo ni siku ya reli, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba historia ya kijiji inaweza kuning'inia kwenye kitu chembamba kama chuma mbili.

Reli inapita chini kabisa bondeni. Ilifunguliwa mwaka 1892, enzi za Waturuki, kutoka Jaffa hadi Yerusalemu, na Battir ilikuwa stesheni ya mwisho kabla ya kuingia mjini. Kabla yake hii ilikuwa sehemu ndogo ya kawaida: daftari la kodi la Waturuki la mwaka 1596 linataja kaya 24. Treni ilipokuja, soko la Yerusalemu likawa jirani. Wanawake walishuka stesheni na vikapu kichwani, wakapanda na mboga alfajiri, wakarudi na sukari na vitambaa. Waingereza walipochukua nchi wakahesabu watu: 542 mwaka 1922, 758 mwaka 1931, na kufikia 1945 wakakadiria 1,050. Ami mama yake alikuwa mmoja wa wale wa vikapuni. Alimwambia kwamba sehemu ngumu ya safari ilikuwa kushuka hadi relini. Kupanda na kikapu chepesi ilikuwa starehe.

Ikaja 1948, vita ya kuundwa kwa Israeli. Vijiji vingi vya upande huu wa Yerusalemu vilimwagwa watu, na baada ya mauaji ya kijiji cha Deir Yassin ya mwezi Aprili hofu ilienea kuliko moto. Watu wa Battir nao walikimbia, karibu wote. Walibaki wachache pamoja na Hassan Mustafa, mwalimu na mtu wa kujisomea, aliyezaliwa mwaka 1914. Hadithi yake inasimuliwa hapa kama sisi tunavyosimulia za kina Sungura, ila hii ni ya kweli: usiku waliwasha taa kwenye nyumba zisizo na watu, wakahamisha, wakawasha nyingine. Mchana walianika nguo kwenye kamba. Aliyetazama toka ng'ambo ya bonde aliona kijiji kizima kiko nyumbani. Ami alipofika kwenye nguo alinyoosha mikono akaonyesha kamba, shati hapa, gauni pale, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtoto mchanga, mgongoni mwa mama yake, wakimbizi kwenye vilima vya Bethlehemu.

Mapatano ya kusimamisha vita yalisainiwa Rhodes tarehe 3 Aprili 1949, kati ya Israeli na Jordan. Israeli iliitaka reli yote iwe mikononi mwake, kwa hiyo mstari ukachorwa ukaimeza, pamoja na nyumba kadhaa na mashamba ya Battir ng'ambo. Hapo ndipo Hassan Mustafa alipopata alichokipigania: watu warudi, waendelee kulima ardhi yao hata ile iliyo upande wa pili, na wao wahakikishe hakuna anayeigusa treni. Kijiji cha wakulima kikakabidhiwa dhamana ya usalama wa reli ya nchi nyingine, na kikaitimiza. Watu walirudi. Yeye akaendelea na shule, ikiwemo ya wasichana, hadi alipofariki mwaka 1961. Mwaka 1967 Israeli ikaikalia sehemu yote iliyobaki, na ule mpango wa mashamba ukazidi kuishi, bila ukuta wala waya.

Tulikaa chini ya mzeituni karibu na ilipokuwa stesheni. Saa tano na dakika kadhaa treni ikaja, polepole kwa sababu ya kona, mabehewa karibu matupu. Dirishani mtoto alitupungia mkono. Ami akampungia. Toka 1948 haijawahi kusimama hapa.

Nilimuuliza kama ameshapanda. Akasema amewahi, miaka ya nyuma, alipopata kibali: alikwenda mpaka stesheni ya Yerusalemu ili tu apite hapa na kukiona kijiji chake kwa dirishani. "Kilipita upesi sana," alisema.

Siku ya nne. Alhamisi, 31 Oktoba

Mguu wa kulia umevimba kwa ngazi za jana, lakini nilikuwa nimeahidi kutembea bonde la Makhrour, toka upande wa Beit Jala kuja Battir. Kijana wa tambara ndiye aliyeniongoza, tumeshapatana. Njia ni ya mawe matupu. Ni msimu wa zeituni. Kila shamba lina familia, turubai limetandikwa chini ya mti, wazee wanachuma kwa mkono, watoto wanakwangua matawi kwa vitana vya plastiki, na birika la chai (la chai safari hii) liko kwenye moto wa vijiti. Kila turubai lilitusimamisha. Nilikunywa chai sita, nane, sijui. Mkulima wa hapa akikuona unapita bila kunywa anahisi umemkosea.

Mashambani kuna vijumba vya mawe vya duara au mraba, manatir, ambamo familia zililala kiangazi kizima zikilinda zabibu. Na kuta zenyewe! Nilisimama mbele ya moja nikaikagua kama fundi. Mawe makubwa chini, madogo yamejaza pengo, hakuna udongo wala saruji, na mvua ikinyesha maji yanapenya bila kuusukuma. Ukuta ukibomoka mahali, unapanga upya mahali hapo tu. Kijana alisema baba yake alimrithisha nyundo na neno moja: usiache tundu likalala.

Ukuta mwingine ndio ulioipeleka Battir duniani. Israeli ilipopanga kupitisha ukuta wake wa utenganisho kandokando ya reli, ungekata bonde, mifereji na mashamba kwa mara moja. Wanakijiji wakaenda mahakamani, mbele ya Mahakama Kuu ya Israeli yenyewe. Nikamwambia kijana kuwa sisi Wapare tunasifika Tanzania nzima kwa kupenda kesi, na kwamba huenda tuna damu moja. Mwaka 2012 shirika la mazingira la Friends of the Earth Middle East, lenye Waisraeli, Wapalestina na Wajordani, liliingia kwenye shauri upande wao. Kilichowashangaza wengi ni mamlaka ya hifadhi za asili ya Israeli, chombo cha serikali, kusema nayo kwamba ukuta utaharibu mandhari hii isiyorudishika.

Mwezi Juni 2014, kikao cha UNESCO huko Doha kikaiandika Battir kwenye Urithi wa Dunia, karibu hekta 349 za mizeituni na mizabibu, na papo hapo kikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Januari 2015 mahakama ikauzuia ukuta. Kijana alikuwa bado shuleni, anakumbuka peremende za kusherehekea.

Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya kijiji iko kwenye kile ambacho mapatano ya Oslo ya 1995, kati ya Israeli na Wapalestina, yaliita Eneo C, ambako anayetoa kibali cha kujenga hata banda ni utawala wa Israeli. Kijana ana mpango wa kuoa. Alinionyesha kiwanja cha babu yake, kizuri, kina kivuli. Hawezi kuweka tofali.

(Naongeza haya wakati wa kunakili daftari: Desemba 2023 walowezi walipiga kambi Makhrour, na Agosti 2024 waziri wa Israeli Bezalel Smotrich akatangaza kuendelea kwa makazi mapya ya Nahal Heletz kwenye ardhi ya huku huku. Nilimpigia kijana simu. Alisema zeituni za mwaka ule walizichuma wakiwa kundi kubwa, na kwa haraka.)

Siku ya tano. Ijumaa, 1 Novemba

Shangazi amenifungia mabilinganya kumi na mbili kwenye gazeti. Nimemwambia uwanja wa ndege hawatakubali. Amesema ni ya njiani.

Nilishuka birikani mwenyewe mara ya mwisho. Ukoo mwingine, ufito ule ule. Mwenye sigara hakuwepo. Zamu yake kwa kweli haikuwa leo, nilihesabu kwa vidole: ni Jumatano. Ami alipenda kuona nimehesabu.

Basi la kurudi lilisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya Yerusalemu. Abiria Wapalestina wenye vibali walishuka wenyewe bila kuambiwa, wakapanga foleni nje, wazee kwa vijana. Mimi na watalii wawili tuliachwa tumekaa. Askari mwanamke, mdogo kuliko binti yangu, alifungua pasi yangu, akatazama gazeti mapajani.

"Nini hiki?"

"Bilinganya. Za Battir."

Akabonyeza moja kwa kidole, akarudisha pasi.

Usiku huu, hotelini karibu na uwanja wa ndege, nimempigia kaka. Same ni saa moja mbele, alikuwa ameshalala. Nikamwuliza zamu yetu ndivani ni siku gani.

"Unaniamsha kwa hilo?"

"Niambie tu."

"Jumamosi," akasema. "Ni Jumamosi toka enzi za babu. Kwani unakuja kulima?"